CHAPATI, BAISKELI NA MZIO

Leo tusome habari za mzio wa chakula. Mzio ni hali ya mwili kukikataa chakula fulani. Chakula chenyewe ni kizuri. Wengine wanakila na kushiba. Lakini mwili wa mtu huyu hukiona kama adui.

Mwenzetu mmoja huuza kuku. Huwafunga katika tenga nyuma ya baiskeli na kuwapeleka mnadani. Ni mwendo wa kilomita 30, tena wa milima. Siku moja alikula chapati mbili, akapanda baiskeli papo hapo. Mlimani mwili ulianza kumwasha. Midomo na macho yakavimba. Kifua kikambana, akaanguka.

Watu walisema mama muuza chapati amemtilia sumu. Wengine walisema amerogwa. Mama yule alinusurika kupigwa.

Baadaye nilimwuliza mgonjwa. Chapati hula nyumbani, hadhuriki. Baiskeli huendesha kila wiki akiwa amekula ugali, hadhuriki. Shida huja viwili hivi vinapokutana: ngano kwanza, kazi nzito baadaye. Jambo hili si geni. Mwaka 1979 madaktari wa Marekani waliandika habari za mkimbiaji aliyepatwa hivyo baada ya kula vyakula vya baharini vyenye gamba. Wako pia watu wanaodhurika bila kazi yoyote, kwa kula karanga, ufuta, mayai, maziwa, samaki au kamba.

Sasa sikilizeni jambo lililotaka kumwua. Wenzake walimsimamisha ili wampakie nyuma ya baiskeli. Katika hali ile damu haifiki vizuri moyoni. Mgonjwa akisimamishwa ghafla, anaweza kufa palepale. Mlazeni chali, mwinue miguu yake. Akishindwa kupumua, aketi chini, miguu ameinyoosha. Akitapika, alale ubavu. Msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi. Mkimbeba, awe amelala juu ya machela au kitanda.

Bahati nzuri mzee mmoja alikataza. Kijana akaichukua baiskeli ya mgonjwa, akaja mbio zahanati kuniita. Kuku walikuwa bado tengani! Nilimkuta mgonjwa amelala. Nikamchoma sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, na haifai kucheleweshwa. Alipopata nafuu alitaka kwenda mnadani. Nilimkatalia, akalala zahanati, maana hali hii huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Siku hizi kabla ya safari hunywa uji wa mtama. Akila kitu chochote cha ngano, hukaa saa 6 kabla ya kupanda baiskeli. Hamezi aspirini wala kunywa pombe siku ya safari, kwa sababu hivyo navyo huchochea mzio. Tena hasafiri peke yake. Chapati za mama yule bado ananunua, ila huzila jioni akisharudi.

Jadilini darasani: Kijijini kwenu machela iko wapi? Nani mwenye baiskeli nzima anayeweza kutumwa usiku?