SOMO LA ROBO MWAKA: Injini ya Pikipiki Katika ATV Kuukuu – Tuamue kwa Hesabu

Wapendwa wanakamati wa sharika, na ninyi marafiki mnaotegemeza kazi hii,

Kila mahali penye miradi kuna mashine iliyowahi kupokelewa kwa vigelegele na sasa imefunikwa turubai nyuma ya ofisi. Somo hili linahusu mashine ya namna hiyo: pikipiki ya matairi manne, maarufu kama ATV, ya aina inayovuta kwa matairi yote manne. Injini yake imekufa. Fundi anasema, "Tufunge ya pikipiki, itatembea." Kamati ijibu nini? Tutatumia Mbuchi, katika Wilaya ya Kibiti, kama mfano.

1. Mazingira ya kazi

Mbuchi ipo ndani ya delta ya Rufiji, yenye karibu hekta 53,000 za mikoko. Sehemu kubwa ya usafiri hufuata maji kujaa na kupwa, na boti ndiyo msaada mkubwa. Lakini boti huishia ukingoni. Kutoka hapo hadi zahanati, shule au ghala kuna tope, na masika yakikolea hata bodaboda hukwama. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti, na kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo, vilituonyesha jinsi kipande kifupi cha njia kinavyoweza kukata huduma yote.

Ndiyo maana ATV huonekana kuwa jibu. Matairi yake ni mapana, hujazwa upepo kidogo, na yote manne yakivuta, mashine hupita mahali ambapo pikipiki ingezama.

2. Kwa nini wazo la fundi si la kipuuzi

Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, bodaboda zimeenea hadi vijijini. Spea za Boxer na TVS hupatikana karibu, na mafundi wanazifahamu. Sivyo ilivyo kwa ATV. Honda ilianza kuuza ya kwanza yenye kuvuta kwa matairi yote manne mwaka 1986, na mashine za zamani za aina hiyo, za Honda, Suzuki au Yamaha, mara nyingi huhitaji spea za kuagiza nje. Mashine inayosubiri gasketi kwa miezi sita haimhudumii mtu.

3. Kinachopotea injini inapobadilishwa

Kuvuta kwa matairi yote manne. Katika ATV nyingi za aina hii, injini na giaboksi ni kitu kimoja, na humo hutoka shafti mbili: moja kwenda mbele, nyingine nyuma. Injini ya pikipiki hutoa nguvu kwa sproketi moja na cheni upande mmoja. Fundi wa kawaida ataunganisha cheni hiyo na ekseli ya nyuma tu. ATV itatembea, lakini kwa matairi mawili. Kuurudisha uvutaji wa mbele kunahitaji shafti ya kati na boksi la gia la kugeuza mzunguko kwa pembe mraba. Hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine ya kuchonga vyuma. Kuchomelea peke yake hakutoshi.

Rivasi. Pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. ATV iliyobeba mzigo ikiingia matopeni bila rivasi itatolewa kwa mabega ya watu.

Upoozaji. Injini nyingi za bodaboda hupozwa na upepo wa mwendo. Ukienda kilometa 8 kwa saa huku injini ikinguruma, upepo huo haupo. Injini huchemka, pistoni hukwama, na gharama huanza upya.

Nguvu. Pikipiki ya cc 150 hutoa takriban nguvu za farasi 12. ATV ya cc 300 iliyoundwa kwa kazi hutoa zaidi ya hapo, na yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 200.

4. Hesabu ya meno

Hesabu hii kila mwanakamati anaweza kuifanya. Tuseme pikipiki ina sproketi ya mbele ya meno 14 na ya nyuma ya meno 42. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Pikipiki yenye dereva na abiria ina kama kilo 255. ATV yenye dereva na mzigo wa kilo 100 inafika kilo 390, yaani mara moja na nusu. Kipenyo cha matairi karibu kinalingana. Basi ukiiacha 3 ilivyo, injini itaelemewa hata kwenye njia kavu, na matopeni itazimika au kuunguza klachi.

Sasa weka shafti ya kati: cheni ya kwanza meno 14 kwa 42, cheni ya pili meno 15 kwa 30. Tatu mara mbili ni sita. Nguvu ya kuvuta inakuwa maradufu na mwendo unapungua nusu: iliyokuwa ikienda kilometa 80 kwa saa sasa itaenda 40. Kwa njia zetu, 40 ni nyingi. Fundi asiyeweza kueleza hesabu hii asikabidhiwe msumeno.

5. Njia iliyo bora zaidi

Kabla ya yote, uliza ni nini hasa kimekufa. Kabureta iliyoziba, waya zilizoliwa na chumvi au ringi zilizochakaa si kifo cha injini. Silinda huweza kuchongwa upya mjini Dar es Salaam. Uchunguzi huo ni wa bei ndogo kuliko kazi yoyote ya kubadilisha.

Ikithibitika kwamba injini haifai tena, tazama kwanza injini ya toyo ya mizigo au ya bajaji kabla ya ile ya bodaboda. Hizo zimeundwa kwa uzito na mwendo wa polepole. Nyingi hupozwa kwa feni au maji, na huja na mpango wa rivasi. Hata hivyo, uvutaji wa mbele bado utakuwa umepotea.

Kwa hiyo, kazi ikiwa ni kubeba magunia kwenye njia ngumu, badilisheni. Kazi ikiwa ni kuvuka tope lenyewe, msibadilishe kwa matairi mawili mkidhani mmeokoa mashine. Fedha hiyo itumike kwa spea halisi, au kwa boti na kivuko cha miguu.

6. Sheria, usalama na uwakili

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Ikibadilika, TRA na kampuni ya bima waarifiwe. Injini ya mtumba inunuliwe kwa risiti na nakala ya kadi yake, maana pikipiki za wizi huuzwa vipande vipande.

Kiti cha ATV nyingi ni cha dereva peke yake. Mama mjamzito asipakizwe nyuma kwa kujishikilia. Kwa dharura ya uzazi, piga 115, namba ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, na kamati ikae na zahanati kupanga nani atamfikisha mama kwenye boti au gari, kwa machela, kabla uchungu haujaanza.

Mwisho, mashine ya msaada ina mwenyewe. Kabla ya kukata fremu, mkataba usomwe, mfadhili aandikiwe, na muhtasari utiwe sahihi. Wananchi wengi wa delta ni ndugu zetu Waislamu. Serikali ya kijiji na wazee wa msikiti wawepo mezani, kwa sababu mgonjwa atakayekwama njiani ni wa wote. Kwa wafadhili tunaomba neno moja: kabla ya kutuma mashine, tuulizeni spea zake ziko wapi.

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Luka 14:28). Kuhesabu huko ni sehemu ya uwakili wetu.

Maswali ya majadiliano

1. Ni mashine gani katika usharika wetu imesimama, na nani amewahi kuichunguza kwa maandishi?
2. Kazi iliyokusudiwa ni ipi, na je, mashine iliyobadilishwa bado itaiweza?
3. Gharama zote zimeorodheshwa: injini, shafti, beringi, cheni, feni, uchomeleaji na nauli ya fundi kwa boti?
4. Mashine ikishindwa usiku wa mvua, mpango wetu wa pili ni upi?

Mungu awabariki katika utumishi wenu.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi