Mgongo wa Shabaha: Tutumie Boksi, Ubao au Gunia?

Vijijini mwetu wapo watu wengi waliopitia mafunzo ya mgambo. Huenda na wewe ni mmoja wao. Mafunzo hayo husimamiwa na wanajeshi, na siku inayosubiriwa kuliko zote ni siku ya kulenga shabaha. Bunduki ni za jeshi, risasi ni za jeshi, na amri ni ya afande. Lakini vitu vidogo vidogo vya uwanjani mara nyingi hutafutwa papo hapo kijijini: miti ya kusimamishia shabaha, fito, maboksi, unga wa kupikia gundi. Seremala anaitwa. Mwenye duka anaombwa maboksi matupu. Somo letu la leo linahusu kazi hiyo.

Shabaha ni karatasi iliyochorwa duara nyeusi, au picha ya mtu. Karatasi peke yake haiwezi kusimama. Lazima ibandikwe juu ya kitu. Kitu hicho tutakiita mgongo wa shabaha. Je, mgongo unafanya kazi gani?

Wengi wakiulizwa hujibu, "Kuzuia risasi." Hapana! Jibu hilo ni la hatari, na limewafanya watu watafute mbao nene na mabati, wakidhani wanajikinga. Risasi ya SMG hutoka mdomoni mwa bunduki kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde moja. Hata ukipanga mbao tano, moja nyuma ya nyingine, usidhani umejikinga. Kinachozuia risasi ni udongo. Nyuma ya kila shabaha lazima pawe na tuta kubwa la udongo au mlima wenyewe. Tuta lisiwe na mawe, maana jiwe hurudisha risasi au huipeleka pembeni. Urefu wa tuta na mahali pa kuliweka ataamua mwanajeshi mwenye utaalamu, wala si mwenyekiti wa kijiji, wala si seremala. Risasi ya SMG iliyokosa tuta inaweza kwenda zaidi ya kilometa 2. Huko mbele kuna mama analima na mtoto anachunga mbuzi. Hawajui kwamba leo kuna shabaha.

Basi mgongo kazi yake ni nyingine kabisa. Unashika karatasi imara, ili tundu liwe safi na liseme ukweli.

Hebu tufanye jaribio ambalo halihitaji bunduki. Chukua ukurasa wa gazeti kuukuu. Mwambie mwenzako aushike kwa pembe mbili za juu, halafu uuchome kwa penseli kwa nguvu. Ukurasa utachanika. Sasa bandika ukurasa mwingine kwa uji juu ya kipande cha boksi. Ukikauka, uchome kwa penseli ile ile. Utaona tundu la mviringo, dogo, lenye kingo nzuri. Risasi nayo hufanya hivyo hivyo. Karatasi iliyoning'inia inapepea, na risasi inaipasua kama kitambaa kilichooza. Nani atajua risasi ilipita wapi hasa?

Jambo hili si dogo kwa yule anayepewa alama. Unene wa risasi ya SMG ni milimita 7.62 tu, chini ya sentimeta moja. Katika mashindano ya dunia ya bunduki ya mita 50, duara ya alama 10 ina upana wa milimita 10.4, na tundu likigusa mstari tu, mpigaji hupewa alama ya juu. Karatasi iliyochanika inaleta ugomvi. "Afande, mimi nimepiga ndani!" "Wapi? Nionyeshe." Hakuna cha kuonyesha, pamebaki pengo tu. Mtu aliyejitahidi miezi kadhaa anakosa haki yake kwa sababu ya uji mwepesi.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Katika miaka ya 1860 huko Uingereza walilenga bamba la chuma. Risasi za siku hizo zilikuwa laini, zilipigika pale na kuacha alama, na mtu aliyejificha alitoka akaifuta kwa rangi. Bunduki zilipozidi nguvu, chuma kikawa hatari, vipande viliruka. Wakaingia kwenye fremu za mbao zilizowambwa nguo ya gunia na kubandikwa karatasi kwa gundi ya unga. Uwanja wao mkubwa wa Bisley, ulioanza kutumika mwaka 1890, ulijulikana kwa shabaha za namna hiyo. Leo katika Michezo ya Olimpiki alama husomwa kwa mitambo ya umeme. Sisi na majeshi mengi katika mazoezi bado tuko na karatasi, na karatasi inataka mgongo.

Tuanze na boksi, maana ndilo lililo karibu. Boksi la sabuni au la mafuta ya kula ni zuri sana. Litazame kwa ubavu: utaona karatasi mbili ngumu, na katikati yake karatasi ya tatu iliyokunjwa mawimbi mawimbi. Ubunifu huo ndio unaolipa nguvu bila uzito. Risasi hupita bila kusukumwa pembeni, na hakuna vibanzi vinavyoruka. Tena halina bei. Chagua boksi lisilo na mikunjo mahali duara itakapokaa. Likiwa jepesi sana, bandika mawili pamoja, mawimbi ya moja yakienda juu na ya lingine yakienda pembeni. Halitapinda ovyo.

Adui wa boksi ni maji. Mvua ikinyesha robo saa, boksi linalegea na kuinama kama mlevi. Msimu wa mvua, weka akiba ndani ya nyumba, toa moja moja. Adui wa pili ni panya na mende wanaopenda gundi ya unga. Yaning'inize juu kwa kamba, usiyaweke chini.

Gunia nalo linafaa, hasa pale shabaha inapotakiwa kukaa siku nyingi. Tumia gunia la katani au la juti. Tengeneza fremu ya fito au mbao nyembamba, lipasue gunia, liwambe kama ngozi ya ngoma, kisha bandika karatasi juu yake. Nyuzi za gunia hufunguka risasi inapopita, halafu hurudi karibu karibu, hivyo gunia moja hupokea risasi nyingi kabla ya kuharibika. Ila wambo ukilegea, umerudi kule kule kwenye karatasi inayopepea. Watu watatu wanatosha: wawili wavute, mmoja apige misumari midogo pembeni mwa fremu.

Hapa naomba tuelewane. Viroba vya plastiki, vile vya salfeti, havifai kazi hii. Gundi ya unga haishiki plastiki. Karatasi itabanduka yote kwa upepo wa kwanza. Lakini usivitupe. Vijaze udongo usio na mawe, uvipange kwenye miguu ya shabaha ili miti isianguke. Hapo kiroba ni mfalme.

Plaiwudi nyembamba, ya milimita 3 hivi, inafaa. Husimama wima na haisumbuliwi na upepo. Ubaya wake ni bei, na nyuma yake risasi inapotokea hung'oa vibanzi. Ikilowa mara nyingi, matabaka yake hubanduka. Plaiwudi nene haiongezi faida yoyote, inaongeza gharama na uzito tu. Silingibodi laini ni nzuri kwa tundu safi, ila hulegea kwa maji kuliko hata boksi.

Mbao ngumu, kama mninga au mvule, sioni sababu ya kuzitoboa kwa risasi. Mbali ya kuwa ni hasara kwa kijiji, fundo gumu la mti linaweza kugeuza risasi. Vivyo hivyo usibandike shabaha kwenye mti ulio hai. Mti unaumia, na nyuma yake hujui kuna nini.

Chuma kisikaribie kabisa. Bati, bomba la maji, mlango wa gari bovu, nusu pipa: vyote hivyo vikipigwa kwa karibu hurudisha vipande kwa mpigaji. Wapo wataalamu wanaotumia shabaha za chuma, lakini ni chuma maalumu, kimening'inizwa kwa namna maalumu, na mpigaji huwa mbali kwa kipimo. Si pipa letu la maji. Hata miguu ya kusimamishia shabaha iwe ya miti au mianzi. Ikipigwa ikavunjika, tutakata mingine. Mchwa wataila, ndiyo, kwa hiyo ing'oeni kila kazi inapokwisha, muilaze mahali pakavu.

Sasa gundi. Koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano au wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, kwanza uondoe madonge. Kisha weka motoni, koroga mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Ukipoa, paka boksi lote, siyo pembe nne tu. Weka karatasi, uipapase kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kausha kivulini. Ukiweka juani, boksi litapinda kama kigae. Kama huna muda wa kubandika, banda karatasi kwa miiba mirefu badala ya misumari. Mwiba ukipigwa hauna madhara ya chuma.

Kuhusu kuziba matundu. Kata vipande vya karatasi vya sentimeta 3 kwa 3, vyeusi vya kuziba penye weusi na vyeupe vya penye weupe. Kila mpigaji akimaliza, alama zake zikiandikwa, zibeni matundu yake. Hakuna anayekwenda kwenye shabaha kabla afande hajahakikisha bunduki zote ni tupu na kutoa ruhusa.

Tufanye hesabu kidogo. Wanamgambo ni 30, kila mmoja ana risasi 5, shabaha ziko 6. Kila shabaha itapokea watu wangapi? 30 gawanya kwa 6 ni watu 5. Watu 5 mara risasi 5 ni matundu 25 katika boksi moja. Wapigaji wakiwa wazuri, yote 25 yatakusanyika katikati, na boksi litakuwa na pengo mahali pale pale tunapohitaji nguvu. Karatasi ya juu ukiziba, nyuma pamebaki hewa.

Dawa yake ni hii. Kata boksi liwe na urefu mara mbili ya karatasi. Bandika karatasi sehemu ya juu. Sehemu hiyo ikichoka, geuza boksi juu chini, ubandike karatasi mpya kwenye sehemu nzima, ambayo sasa iko juu. Boksi moja limefanya kazi ya mawili. Kwa shabaha 6, badala ya maboksi 12 umetumia 6.

Kuna ujanja mwingine unaotumika katika mashindano. Huwekwa karatasi ya pili nyuma ya shabaha, ikiachana nayo nusu mita au zaidi. Risasi hutoboa zote mbili. Ukiunganisha matundu hayo mawili kwa jicho, unapata mstari unaoonyesha risasi ilitoka kwa nani. Jirani akikosea akapiga shabaha yako, atajulikana.

Mwisho, kuhusu tuta lenyewe baada ya mazoezi. Kiswahili chetu kinaita risasi kile kitu kinachotoka katika bunduki, na kinaita risasi pia yale madini mazito ya kijivu. Ni kwa sababu moja imetengenezwa kwa nyingine. Madini hayo ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto, hasa ubongo wao. Watoto wasichimbe kwenye tuta. Wapo watakaotamani kuyeyusha risasi wapate vizito vya nyavu za samaki. Moshi na vumbi lake ni sumu, na sufuria hiyo haifai tena kupikia. Pale pasilimwe mchicha. Waliobeba mbao na maboksi yaliyotobolewa wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Ukiona risasi nzima ambayo haijalipuka, usiiguse. Weka alama kwa mbali, umwite mwanajeshi au polisi.

Maswali ya kuzungumza kisomoni

Kwa nini ubao mnene haufai zaidi kuliko boksi? Katika kijiji chako ni kitu gani kinapatikana kwa urahisi cha kutengenezea mgongo wa shabaha, na mvua ikinyesha utafanyaje? Wanamgambo wakiwa 48, risasi 5 kila mmoja na shabaha 8, kila shabaha itapata matundu mangapi? Nyuma ya uwanja wa shabaha wa kwenu, umbali wa kilometa 2, kuna nini?