Maoni, Tathmini na Sifa: Mwanafunzi na Kipimo cha Mhadhiri Wake

1. Utangulizi

Kila muhula unapokaribia kumalizika, wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu hupewa hojaji ya kumtathmini mhadhiri. Hojaji hiyo huuliza iwapo mhadhiri alihudhuria vipindi, iwapo alifika kwa wakati, iwapo alikuwa na ujuzi wa kutosha katika somo lake, na iwapo alirudisha majaribio aliyoyasahihisha. Mwanafunzi huweka alama kuanzia 1 hadi 5, pengine akiwa amekwisha kubeba mkoba wake, kisha huenda zake. Mabwenini na kwenye foleni ya chakula, tathmini nyingine isiyo na karatasi huendelea: huyu ana shahada ya uzamifu kutoka ng'ambo, yule ana uzamili tu, huyu ni mkali, yule hutoa alama bila choyo.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maswali mawili. Kwanza, maoni ya mwanafunzi kuhusu mhadhiri wake yana uzito gani? Pili, je, historia ya kitaaluma ya mhadhiri, yaani shahada zake na njia aliyopitia kuzipata, inatueleza nini kuhusu ufundishaji wake? Suala hili si dogo. Maoni hayo yanaweza kugusa kupandishwa cheo kwa mhadhiri, kuendelea kwa mkataba wa anayefundisha kwa muda, na uamuzi wa mwanafunzi anapochagua kozi. Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, inafaa tuanze na maneno yenyewe.

2. Maneno matatu na maana zake

Neno la kwanza ni maoni. Neno hili limenyambuliwa kutokana na kitenzi ona. Maoni, kwa asili yake, ni yale ambayo mtu ameyaona. Wahenga walinena: asifuye mvua, imemnyea. Mwanafunzi aliyekaa darasani wiki baada ya wiki amenyewa na mvua hiyo, na hakuna mkuu wa idara wala mkaguzi anayeweza kudai kuwa ameona zaidi yake.

Neno la pili ni tathmini. Neno hili limetokana na Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa neno thamani. Kutathmini ni kukipa kitu thamani yake. Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Kuona kitu ni jambo moja; kujua thamani yake ni jambo jingine. Mtoto anaweza kueleza kwa usahihi rangi na ukubwa wa kito alichokiokota, lakini bei yake ataijua sonara. Methali isemayo asiyekujua hakuthamini huelekezwa kwa wenye dharau, ila inamhusu pia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeulizwa iwapo mhadhiri wake ana ujuzi wa kutosha katika isimu, taaluma ambayo ndiyo kwanza anaanza kuisikia.

Neno la tatu ni sifa, lenye maana pacha. Tunaposema "sifa za kitaaluma", tunarejelea shahada, tajriba na machapisho. Tunaposema "amepata sifa", tunarejelea kusifiwa na watu. Maana hizi mbili hukaribiana katika lugha, na pengine ndiyo sababu huchanganywa katika maisha. Mwenye shahada nyingi hudhaniwa kuwa mwalimu hodari, na anayesifiwa na wengi hudhaniwa kuwa msomi.

Aidha, tusisahau neno mhadhiri lenyewe. Lina mzizi mmoja na hudhuria, hadhara na hadhira. Mhadhiri ni mtu anayehudhuria mbele ya hadhira. Kumbe swali la hojaji kuhusu mahudhurio, ambalo wengi huliona kuwa la kiutawala tu, linagusa kiini cha jina lake. Hata hivyo, hadhira nayo yatakiwa ihudhurie, ama sivyo maoni yake yatakuwa ya mvua iliyowanyea wengine.

3. Sifa za kitaaluma: shahada ni kipimo?

Nchini Kenya, suala la shahada za wahadhiri lilipata msukumo mpya baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ambayo iliunda Tume ya Elimu ya Chuo Kikuu. Mwaka 2014, tume hiyo ilitoa miongozo iliyoifanya shahada ya uzamifu kuwa sharti la cheo cha mhadhiri, na waliokuwa kazini bila shahada hiyo wakapewa miaka kadhaa ya kuitafuta. Mjadala mkali ulizuka. Walioiunga mkono miongozo hiyo walisema kuwa chuo kikuu ni mahali pa kuzalisha maarifa mapya, na kwamba asiyewahi kutafiti hawezi kumfunza mwingine kutafiti. Walioipinga walisema kuwa uzamifu humwandaa mtu kutafiti, si kufundisha, na kwamba vyuo vyenyewe havikuwa na wasimamizi wa kutosha.

Hoja zote mbili zina ukweli. Yeyote aliyewahi kusimamiwa mradi na mtu anayejua utafiti kwa vitendo atakubali hoja ya kwanza. Lakini historia ya Kiswahili inatukataza kuifanya shahada kuwa mlango pekee wa elimu. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alilelewa katika elimu ya jadi ya Waswahili. Ushairi aliuonja nyumbani kwao kabla ya kuusoma vitabuni. Ndiye aliyependekeza istilahi runinga, ambayo leo imo midomoni mwa Wakenya wengi. Watafiti wenye shahada za uzamifu, na waliozitafuta, walipanga safari hadi Mombasa ili wakae mbele yake na kumwuliza maana za maneno. Utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, umehifadhi msamiati wa chombo cha baharini ambao si rahisi kuupata kwingineko.

Haimaanishi kuwa shahada haina maana. Tunachojifunza ni kwamba shahada ni ushahidi wa safari fulani ya kielimu, si safari yenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi ana haki ya kujua chombo anachokipanda kiliundwa wapi na kwa mbao gani. Lakini nahodha humjua baharini.

4. Yale ambayo utafiti umebainisha

Wataalamu wa elimu wamelichunguza suala hili kwa miongo mingi. Tuangalie tafiti nne.

Utafiti wa kwanza ulichapishwa nchini Marekani mwaka 1973 na Naftulin, Ware na Donnelly. Walimchukua mwigizaji, wakamwita "Dkt. Myron Fox", wakamtungia wasifu wa kitaaluma wenye kupendeza, kisha wakampeleka mbele ya wataalamu wa elimu ya afya atoe mhadhara kuhusu nadharia ya michezo ya kihisabati. Mhadhara ule ulijaa mizaha, maneno mapya yasiyo na maana na kauli zilizopingana. Mwigizaji hakuwa na ujuzi wowote wa mada. Licha ya hayo, wasikilizaji wengi walimpa maoni mazuri, na mmoja wao akadai kuwa amewahi kusoma machapisho yake. Hapa sifa za kubuni na ulimi mtamu vilishirikiana kuwalaghai watu ambao wenyewe walikuwa wasomi.

Utafiti wa pili ni wa Ambady na Rosenthal, uliochapishwa mwaka 1993. Watu wasiowafahamu wahadhiri walionyeshwa vipande vifupi vya video visivyo na sauti, kisha wakaombwa kuwakadiria wahadhiri hao. Makadirio yao yalikaribiana na alama walizotoa wanafunzi waliofundishwa na wahadhiri hao muhula mzima. Tukumbuke kuwa video hizo hazikuwa na sauti: waliotazama hawakusikia hata neno moja la somo.

Utafiti wa tatu, wa MacNell, Driscoll na Hunt, ulichapishwa mwaka 2015. Katika kozi iliyofundishwa kupitia intaneti, wasaidizi wawili wa mwalimu, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na kundi jingine kwa jina la mwenzake. Aliyedhaniwa kuwa mwanamume alikadiriwa juu zaidi, hata katika jambo la kurudisha kazi kwa wakati, ilhali kazi zilirudishwa kwa muda ule ule.

Utafiti wa nne ndio unaotugusa zaidi, kwa kuwa unayaunganisha maswali yetu mawili. Carrell na West, katika makala yaliyochapishwa mwaka 2010, walichunguza Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani. Katika chuo hicho, wanafunzi hawakujichagulia wahadhiri; waligawiwa madarasa bila mpango wa upendeleo, wakafanya mtihani mmoja, na baadaye wakalazimika kuchukua kozi za ngazi ya juu zaidi. Matokeo yalishangaza. Wanafunzi wa wahadhiri wenye uzoefu mdogo na shahada za chini walifanya vyema zaidi katika mtihani wa kozi ya kwanza ya hisabati, na alama walizowapa wahadhiri wa aina hii zilikuwa nzuri. Lakini katika kozi zilizofuata, waliofanya vyema zaidi ni wale waliokuwa wamefundishwa na wahadhiri wenye uzoefu na uzamifu. Watafiti hao walidokeza kwamba huenda wa kwanza walifundisha kwa kuulenga mtihani, ilhali wa pili walijenga msingi wa kina ambao faida yake huchelewa kuonekana.

Kutokana na tafiti za aina hii, taasisi mbalimbali zimeanza kujihadhari. Mwaka 2018, msuluhishi wa mgogoro kati ya Chuo Kikuu cha Ryerson nchini Kanada na chama cha wahadhiri wake aliamua kwamba alama za wanafunzi zisitumiwe kupima ubora wa ufundishaji wakati wa kuwapandisha watu vyeo. Hata hivyo, hakusema wanafunzi wanyamazishwe. Alikiri kwamba wao ndio wanaojua vyema yale waliyoyapitia darasani. Kwa maneno yetu, alitenganisha maoni na tathmini.

5. Deni la mwandishi

Mwandishi wa makala haya ana deni katika suala hili. Katika mwaka wa pili, tulifunzwa fonolojia na mhadhiri wa muda ambaye hakuwa akituimlia maandishi. Alikuja na mifano ubaoni, akatuuliza kwa nini sauti fulani imebadilika, kisha akanyamaza hadi mmoja wetu ajaribu. Majaribio yetu aliyarudisha yakiwa mekundu kwa wino. Hojaji ilipokuja, nilimpa 2, na katika nafasi ya maoni nikaandika neno moja: "Hafundishi."

Mwaka wa nne, nilipokuwa nikiandika mradi kuhusu lahaja ya nyumbani kwetu, daftari nililolifungua kila usiku lilikuwa lile lenye wino mwekundu. Madaftari ya kozi nilizoimliwa, ambazo wahadhiri wake niliwapa 5, yalikuwa safi na hayakunisaidia. Nilimtafuta mhadhiri yule nimshukuru, nikaambiwa kuwa mkataba wake haukuendelezwa. Siwezi kudai kwamba ni alama yangu iliyomwondoa. Najua tu kwamba neno nililoliandika halikuwa maoni, maana sikueleza nilichokiona. Nilitoa bei ya kitu nisichokijua.

6. Namna ya kuandika maoni yenye manufaa

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza yafuatayo kwa wanafunzi wenzetu:

(a) Andika ulichokiona. Kauli "hafundishi" haimsaidii yeyote. Kauli "alihudhuria vipindi vinane kati ya kumi na vinne" inaweza kuthibitishwa. Vivyo hivyo, "ni mhadhiri bora" ni sifa tu. "Alirudisha majaribio baada ya wiki mbili na kueleza makosa" ni ushahidi.

(b) Tenganisha ugumu wa somo na upungufu wa mhadhiri. Mofolojia haitakuwa nyepesi kwa sababu mwalimu ni mcheshi.

(c) Jichunguze kabla ya kuandika. Je, ungeandika hivyo hivyo kama mhadhiri angekuwa wa jinsia nyingine, umri mwingine au lafudhi nyingine? Kumcheka mhadhiri kwa lafudhi yake si maoni kuhusu ufundishaji, na katika idara ya Kiswahili ni aibu maradufu.

(d) Uliza kuhusu historia ya kitaaluma kwa lengo la kujifunza. Badala ya kuhesabu shahada za mhadhiri, soma alichokiandika, kisha mwulize swali kukihusu. Jibu lake litakuonyesha mengi kuliko cheti.

Kwa upande wa idara, ingefaa hojaji zitolewe mapema katikati ya muhula, wakati mhadhiri angali na nafasi ya kujirekebisha, na maoni yaombwe tena kwa wahitimu miaka michache baadaye. Aidha, swali la ujuzi wa somo liulizwe kwa wahadhiri wenzake, walio na uwezo wa kulijibu.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwanafunzi ni shahidi muhimu wa yanayotendeka darasani, ila si kila swali la hojaji analoweza kulijibu. Yameonyesha pia kwamba shahada ya mhadhiri ni ushahidi wa maandalizi yake, na kwamba faida ya maandalizi hayo huenda isionekane hadi kozi inayofuata, au hadi miaka ya baadaye. Wahadhiri nao wakumbuke kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alama ya 5 isiwalaze. Muhula huu hojaji itakapokufikia, ndugu msomaji, keti kwanza, weka mkoba chini, kisha uandike ulichokiona.