Darsa ya Malezi: Mtoto wa Kambo na Vishindo Vyake Nyumbani

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, darsa yetu ya leo inahusu jambo lisilosemwa sana misikitini ingawa husemwa sana majikoni na mabarazani. Ni habari ya mtoto wa kambo wa miaka 10, 11 au 12, ambaye kila neno dogo hulifanya msiba. Akiambiwa aoshe vyombo, hulia kama aliyefiwa. Akikatazwa kutoka, hubamiza mlango, hususa chakula, na hutangaza majirani wasikie kwamba hapendwi na kwamba atakwenda zake kwa babake. Baba wa kambo huona amedharauliwa katika nyumba yake. Mama husimama katikati, hajui amtetee nani. Mara nyingi mwisho wake huwa mmoja kati ya miwili: ama mtoto huhamia njiani, ama ndoa huvunjika.

Sisi watu wa Wabera hatuna udhuru wa kulifanya jambo hili geni. Jina la mtaa wetu linatukumbusha Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa mwezi wa Juni 1963. Na vita vilivyofuata, hata kufika 1967, viliacha wajane na mayatima wengi katika nchi hii. Wajane waliolewa, na watoto wakaingia nyumba za waume wapya. Leo wengine huletwa na talaka, wengine na ukame uliomaliza mifugo na kuwatawanya wazee wao. Sababu zimebadilika, lakini mtoto aliyesimama mlangoni na kifurushi chake ni yule yule.

KWANZA: TUIJUE SABABU

Mtoto wa umri huu hayuko utotoni wala hajafika ukubwani. Mwili wake umeanza kubadilika, na moyo wake hupanda na kushuka bila ya yeye mwenyewe kujua kwa nini. Hali hii humpata kila mtoto, hata anayelelewa na wazazi wake wawili. Mtoto wa kambo huzidishiwa mambo matatu juu yake. Amempoteza mzazi, kwa mauti au kwa talaka, na huenda hakupewa nafasi ya kuomboleza. Alikuwa msaidizi na msiri wa mamake, na sasa amekuja mtu aliyeshika nafasi ile. Tena huogopa kwamba akimpenda baba wa kambo atakuwa amemsaliti babake. Basi anapopiga kelele kwa ajili ya sahani moja, mara nyingi sahani siyo inayomliza. Anauliza kwa ulimi asioujua: Je, mimi bado nina mahali katika nyumba hii?

PILI: TUACHE DHANA ZISIZO NA MSINGI

Wako wanaosema mtoto huyu ana jini, wakampeleka kwa mganga, akafungwa hirizi na kufukizwa ubani, na fedha za chakula zikaenda huko. Ndugu zangu, kuwako kwa majini hatukukanushi, kwani Qurani imewataja. Lakini kumbebesha jini huzuni ya mtoto ni kukimbia wajibu wetu. Ikiwa mtoto halali, hali, anajidhuru, au amebadilika ghafla, apelekwe hospitali, na aulizwe kwa upole kama yuko mtu anayemdhuru. Akisema, asikilizwe, hata kama anayetajwa ni mkubwa anayeheshimiwa.

Wengine hushika methali ya kwamba mama wa kambo si mama, wakaifanya sheria. Methali hii yaeleza dhulma iliyopata kutendeka. Haikupewa mtu kuwa ruhusa ya kudhulumu.

TATU: TUTAZAME NYUMBA YA MTUME (S.A.W.)

Mtume alikuwa baba wa kambo. Abu Salama alipokufa kwa jeraha alilolipata Uhud, alimwacha Umm Salama na watoto wadogo. Mtume alipomposa, bibi huyu alieleza waziwazi kwamba yeye ana wivu na ana watoto. Hakuambiwa awaache kwa jamaa zake; aliahidiwa kwamba wivu wake utaombewa dua, na kwamba watoto wake watakuwa katika uangalizi wa Mungu na Mtume wake. Mwanawe Umar alikuwa akila pamoja na Mtume, na mkono wake ukitangatanga sahanini. Mtume akamfunza mambo matatu: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Basi. Hakumtaja babake, wala hakumkumbusha kwamba chakula kile ni cha nani. Umar mwenyewe alisimulia baadaye kwamba tangu siku ile ndivyo alivyokuwa akila. Naye dadake Zaynab, aliyeingia nyumba ile akinyonya, alikua akawa mmoja wa wanawake wanazuoni wa Madina.

Mfano wa pili ni Anas bin Malik. Mamake, Umm Sulaym, aliolewa na Abu Talha, na Anas alikuwa na umri wa miaka 10 hivi Mtume alipohamia Madina. Abu Talha, baba wa kambo, alimshika mkono akampeleka kwa Mtume, akamsifu mbele yake kwamba ni kijana mwerevu, naye amtumikie. Tulitafakari neno hili: ni baba wa kambo wangapi miongoni mwetu wanaowasifu watoto wa wake zao mbele za watu?

Siku moja Mtume alimtuma Anas, naye akaapa kwamba haendi, ingawa moyoni alikusudia kwenda. Akatoka, akawakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama. Mara Mtume akamshika shingoni kwa nyuma. Anas alipogeuka alimwona anacheka, akimwita kwa jina la kumdekeza na kumwuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kwamba sasa anakwenda. Mtume alikifuata kiapo cha mtoto kwa kicheko, na kazi ikafanyika. Hakuyaachia maasi, wala hakuyafanya vita.

NNE: LA KUFANYA

1. Kishindo kisijibiwe kwa kishindo. Mtoto akipiga kelele, mkubwa ashushe sauti. Maneno ya kufunza yasubiri mpaka machozi yakauke.

2. Kanuni ziwe chache, na ziwe moja kwa watoto wote wa nyumba. Huwezi kumwadhibu wa kambo kwa kosa ambalo wako wa kumzaa umelicheka.

3. Katika miezi ya mwanzo mzazi wa damu ndiye atangulie kukataza, na wa kambo atangulie kufanya wema: kwenda naye msikitini, kumfunza kazi, kumwuliza habari za chuoni na shuleni. Mapenzi yakiota, amri husikika. Lakini mama asimfiche mume makosa ya mtoto, wala asimtetee mtoto katika ubaya. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

4. Babake asitukanwe. Qurani, Surat al-Ahzab aya ya 5, imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Jina lake lisibadilishwe ili kumfurahisha mume mpya. Baba aliye hai naye akumbuke kwamba talaka haikumwondolea wajibu wa matumizi ya mwanawe. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 53, nayo inawawajibisha baba na mama sawasawa, na asiyetimiza anaweza kushitakiwa.

5. Faragha ihifadhiwe. Surat an-Nur aya ya 58 inawafunza watoto ambao hawajabaleghe kubisha hodi katika nyakati tatu: kabla ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya isha. Wakubwa nao wamheshimu mtoto vivyo hivyo. Malazi yatenganishwe.

6. Fimbo ya hasira si malezi. Anayepiga ili kupoza moyo wake anajitibu mwenyewe kwa mwili wa mwenziwe. Katiba, katika kifungu hicho hicho, inamkinga mtoto na ukatili wa kila namna.

MASWALI YA KUJIPIMA

Ni lini mara ya mwisho ulipomsifu mtoto wa kambo mbele ya wageni? Je, anajua mahali pake pa kulala na pa kuweka vitu vyake? Anapomtaja babake, uso wako hubadilika? Kila msomaji ajijibu mwenyewe kabla ya darsa ijayo.

Vishindo vya umri huu hupita. Lakini namna tulivyovijibu haipiti; mtoto huichukua mpaka nyumba yake mwenyewe. Mwenyezi Mungu atupe subira, azifanye nyumba zetu kuwa makimbilio ya wasio na makimbilio, na awatengeneze watoto wetu, wa kuwazaa na wa kuletewa. Amin.