Sifuri Iliyokula Nusu ya Posho Yangu

Mteja wangu, Mzambia, alitaka viroba vya mahindi. Tulikuwa Guangzhou, kwenye yale maonesho makubwa ya biashara yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, miguu ikiwaka moto. Akamwaga Kiingereza dakika tatu bila kupumua. Aliponyamaza nikamgeukia muuzaji, mama mmoja tuliyemwita laoban, yaani bosi, nikatiririka Kichina. Mteja alitaja viroba milioni mbili na laki nne. Mimi nikasema liangqian sibai wan.

Mama akachangamka. Chai ikaja, viti vikaja, bei ikashuka kabla hatujaomba. Nikajiona mkalimani kwelikweli! Kisha akabonyeza kikokotoo na kumwonyesha mteja: 24,000,000. Mteja akanikazia macho: sifuri hiyo moja umeitoa wapi? Bei ikapanda tena, chai ikapoa, na jioni nikalipwa nusu ya posho. Mpaka leo sijamsamehe, ingawa kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo nimewaandalia hatua tano wanaoanza ukalimani fuatizi, ule wa kusubiri msemaji anyamaze ndipo uanze, kutoka Kiingereza kwenda Kichina.

Ya kwanza ni daftari lenye springi juu, ili ufunue kwa mkono mmoja. Kalamu, Bic ya kawaida inatosha. Zile za jeli zenye vikatuni zinazouzwa kwa mafungu zinakauka katikati ya hotuba. Nimezitupa pakiti nzima.

Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho: tarakimu. Kiingereza kinahesabu kwa mafungu ya sifuri tatu, Kichina kwa mafungu ya sifuri nne. Wan ni elfu kumi, yi ni milioni mia moja. Milioni haina neno lake. Ni wan mia moja. Sisi tuna laki, ambayo ni wan kumi, na hapo ndipo nilipojikwaa: Kiingereza kikapitia Kiswahili kichwani, sifuri ikazaliwa njiani. Usipige hesabu kichwani. Andika namba yote, futa mikato akilini, halafu kuanzia kulia hesabu tarakimu nne na uchore mstari wa wima. 2,400,000 inakuwa 240|0000. Kushoto kwa mstari soma 240, mstari wenyewe uite wan. Umemaliza. Ikibidi mstari wa pili, huo ni yi. Msemaji akitaja bilioni 1.6, zidisha kwa kumi tu: yi 16. Mimi nilifanya mazoezi kwa sensa. Watanzania wa mwaka 2022, 61,741,120, nikawakata hivi: 6174|1120. Kwa wiki tatu nilichora mistari kwenye risiti, kwenye tiketi, hata kwenye namba za simu za watu, mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama niko salama.

Ya tatu ni sentensi. Mwingereza hutaja kiroba kwanza, halafu ndipo akueleze kilinunuliwa wapi na kilichanika lini. Mchina anataka maelezo yote yatangulie, kiroba kije mwisho. Subiri, au ikate vipande viwili. Basi.

Ya nne nilitaka kusema habari ya jamaa, maana siku hiyohiyo mteja alisema kaka yake ndiye atakayesaini, kwa neno lile la Kiingereza lisilojali umri. Kichina lazima uchague: gege ni mkubwa, didi ni mdogo. Nikamuuliza, akakasirika, akaona napoteza muda. Mswahili angenielewa mara moja. Sisi tunao baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, na Wachina wanao bobo, shushu na jiujiu. Kiingereza kinawafunga wote watatu kamba moja. Kwa hiyo uliza, hata akinuna.

Ya tano imenitoka. Viroba vilikuwa erbai sishi wan. Itamke mara kumi kabla ya kulala.