Mbio ya C na mbio ya Python



Mnakumbuka Jumamosi ile tulipokusanyika katika sali kubwa kwa mabishano ya finalisti. Ubaoni kuliandikwa swali hili: "Lugha gani ya programu inashinda zingine kwa mbio?" Wengi walitoka wakisema upande wa C umeshinda, kwa sababu walipiga kelele zaidi na walikuja na saa mkononi. Mimi nilikuwa mwenye kuongoza mabishano, basi sikuwa na ruhusa ya kutoa mawazo yangu. Karatasi hii inanipa nafasi. Tena kuko jambo lililotokea siku tano nyuma ya mabishano, na wengi wenu hamkulisikia.

Kwanza neno kwa wadogo wetu ambao hawajaingia bado katika chumba cha ordinatere. Mashini ile haisikii Kifaransa, wala Kiswahili, wala Kifuliiru. Inasikia namba tu. Basi mtu anaandika amri zake katika lugha iliyo katikati, kisha programu nyingine inazitafsiri. Namna ya kutafsiri ndiyo inatenga C na Python. Fikiri mhubiri mgeni anayekuja na hotuba ya Kifaransa. Hotuba inaweza kutafsiriwa yote usiku, ikaandikwa kwenye karatasi, na asubuhi inasomwa bila kusimama. Hiyo ni C. Ao mkalimani anasimama karibu ya mhubiri na kutafsiri neno kwa neno. Hiyo ni Python. Na mhubiri akirudilia neno moja mara elfu, mkalimani naye atalitafsiri mara elfu. Hapo ndipo Python inachoka.

C ilitengenezwa na Dennis Ritchie huko Marekani, katika Bell Labs, karibu na mwaka 1972. Python ilianzwa na Mholanzi Guido van Rossum mwisho wa mwaka 1989, akaitoa kwa watu mwaka 1991. Jambo la kuchekesha ambalo hakuna aliyelisema Jumamosi: Python ile ambayo karibu watu wote wanaitumia imeandikwa yenyewe kwa C. Walikuwa wanapiganisha mtoto na mama yake.

Sasa turudi katika sali. Kila upande ulikuwa umeandika programu ya kujumlisha pointi za semesta. Wanafunzi 600, masomo 12 kila mtu, ni kusema mistari 7,200 ya pointi. Ordinatere ilikuwa ile ya zamani ya karibu na dirisha, kwa wote wawili. C ilimaliza kwa sekunde 23. Python ilitumia dakika 4 na sekunde 10. Karibu mara kumi na moja! Sali ikalipuka. Kijana mmoja wa upande wa C akasema: "Chombo yenu hii inatembea kama kinyonga, batri ya jua itaisha mbele imalize."

Upande wa Python wakajibu kwa swali: "Ninyi mliandika programu yenu siku ngapi?" Wakanyamaza kidogo, kisha wakakubali: majuma mawili. Python iliandikwa kwa jioni mbili. Dada mmoja akatoa mfano wa Ushahidi, na mfano huu unatuhusu. Nyuma ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu walipoanza kuuana, Ory Okolloh, David Kobia na wenzao walitengeneza mwezi wa Januari 2008 programu ya kupokea habari za jeuri na kuzionyesha kwenye ramani. Waliitengeneza kwa siku chache tu, maana watu walikuwa wanakufa. Mwezi wa Novemba mwaka uleule, programu ya Ushahidi ikatumika kwa vita vya huku kwetu, mashariki ya Kongo. Iliandikwa kwa PHP, lugha ambayo watu wa C wanaizarau. "Kama wangengojea kuandika kwa C," dada akasema, "ramani ingetoka wakati vita vimeisha."

Mwingine akaleta DHIS2, programu ya hesabu za afya iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, ambayo wizara yetu ya afya inaitumia. Hiyo imeandikwa kwa Java, lugha ya mwaka 1995. Hesabu za wagonjwa zinaingia humo mwezi kwa mwezi. Muuguzi anayeingoja hangojei Java, anangojea intaneti. Ukibadilisha lugha, atangojea vilevile. Sikuona mtu wa kujibu neno hilo.

Kwa kweli mabishano haya ni ya zamani kuliko wazazi wetu. Mwaka 1957, John Backus na wenzake wa IBM walipotoa Fortran, kuliko waandikaji wa programu waliosema haiwezekani kabisa lugha iliyotafsiriwa na mashini ifikie mbio ya amri alizoandika mtu kwa mkono wake. Walikosea. Leo watu wa C ndio wanaozarau, na kesho watazarauliwa na wengine.

Kisha mwalimu wetu wa hesabu, aliyekuwa ameketi nyuma kimya, akasimama na kuuliza pande zote mbili: "Ndani ya dakika hizi nne, mashini inafanya nini?" Hakuna aliyejua. Wakati wa mabishano ukaisha, nikafunga.

Jumatatu jioni tukaangalia. Programu zote mbili zilikuwa zimefuata njia moja, kwa sababu vijana walikuwa wamefundishana. Kwa kila pointi waliyotafuta, walifungua orodha nzima na kuisoma toka mstari wa kwanza hata wa mwisho, kisha wakaifunga, kisha wakaifungua tena kwa pointi inayofuata. Mistari 7,200, mara 7,200. Fanyeni hesabu: 51,840,000. Mashini ilikuwa inasoma mistari zaidi ya milioni hamsini kusudi itumie 7,200.

Ni sawasawa na mama wa Kalundu anayemtuma mtoto sokoni Mulongwe kununua chumvi. Mtoto anarudi. Anamtuma tena kwa mafuta. Anarudi. Anamtuma tena kwa ndagala. C ni mtoto mwenye kinga, Python ni mtoto wa miguu, na sisi katika sali tulikuwa tunapima nani anakanyaga haraka. Mtoto wa miguu akipewa orodha ya vitu vyote mara moja atafika nyumbani mwenye kinga yuko bado katika safari ya pili.

Tukaandika upya ile ya Python. Inasoma orodha mara moja, na kila pointi inawekwa mara moja kwenye jina la mwenyewe. Python iko na chombo cha kazi hiyo tayari, kinaitwa kamusi: unatoa jina, inatoa pointi, bila kupita kwa majina mengine. Kazi yote haikufika sekunde moja. Lugha ile ya kinyonga ikashinda C ya Jumamosi zaidi ya mara ishirini, juu ya ordinatere ileile.

Upande wa C hawakulala. C haiko na kamusi tayari, basi wakaitengeneza kwa mikono yao, jioni mbili. Walipoianzisha Jumatano, ilimaliza mbele ya mtu kuondoa kidole kwenye kibonyezo. Saa ya mkono haikuweza kuipima. Nilifurahi pamoja nao, na ni mimi niliyesema orodha ya pointi itoke kwa programu yao, kwa sababu ilikuwa na mbio zaidi. Hilo ndilo kosa langu, na ninaliandika hapa.

Alhamisi nyuma ya masomo, mwanafunzi msichana wa darasa la chini akanifuata mbele ya ofisi na daftari mkononi. Aliniambia kwa heshima: "Yaya kapita, mimi nilijumlisha mara tatu. Iko 743. Kule kwenu munaandika 512." Maksima ilikuwa 1,000. Mimi nikamujibu kwamba ordinatere haikosei hesabu, arudi akajumlishe mara ya ine. Akanyamaza. Hakulia, lakini hakuondoka. Ndipo akasema kwamba msaada wa minervali anaoupata unaomba 60 kwa mia, na majina yanatumwa Ijumaa.

Tukaketi na daftari lake. Hesabu yake ilikuwa ya kweli. Tukaendesha programu ya Python: 743. Tukaendesha ya C: 512. Tukarudilia. 512.

Mwalimu alitusaidia kuona, hata hivyo ilichukua mpaka taa ziwashwe. Katika C, mwandikaji mwenyewe ndiye anayekata nafasi ya jina. Vijana wetu walikata nafasi 24. Kwa nchi zingine pengine inatosha. Sisi tuko na jina, postnom na jina la ubatizo, na dada huyu jina lake lote, pamoja na nafasi tupu katikati, ni herufi 24 kamili. Lakini C inaweka sifuri moja nyuma ya herufi ya mwisho kuonyesha kwamba jina limeisha. Basi herufi 24 zinaomba nafasi 25. Ile sifuri haikupata nyumba. Ikaingia kwa jirani, na jirani alikuwa jumla ya pointi.

Angalieni vile 743 ikawa 512. Mashini inagawa namba katika visanduku, na kila kisanduku hakipiti 255. 743 ni 2 mara 256, kisha 231. Kisanduku cha kwanza kinashika 231, cha pili kinashika 2. Ile sifuri ya jina ikaanguka juu ya kisanduku cha kwanza. 231 ikafutika. Ikabaki 2 mara 256, ni kusema 512. Hakuna kengele iliyolia. Na 512 ni namba nzuri, mwanafunzi amepita, nani angeuliza?

Jambo la haya zaidi ni kwamba tulikuwa tumeonywa. Jumatano mwanafunzi mwingine, mwenye jina refu zaidi, alitokea na pointi 18,753 kwa 1,000. Tulicheka sana, tukasahihisha kwa kalamu, tukafikiri ni mtu aliyepiga vibaya kwenye mashini.

Python isingefanya hivyo. Haikuombi kukata nafasi ya jina, inaikata yenyewe, na hiyo ni moja ya sababu inatembea polepole: inatumika kazi ambayo katika C inabaki juu ya kichwa chako. Tena tuligundua kwamba mahali pamoja mtu aliandika 10 kwa kutumia herufi O. Python ilikataa na kusimama, ikaonyesha mstari. C, kwa namna vijana walivyoiandika, ilichukua 1 na kuendelea njia yake.

Wasinisikie vibaya wenzangu wa C. Wale wa umeme wanataka kutengeneza kengele ya shule inayojipiga yenyewe, kwa kadi ndogo ya Arduino Uno. Kadi ile iko na kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu. Katika Python ya mashini za sasa namba ndogo moja inakula baiti 28, na katika C inakula 4. Hapo sitabishana hata dakika moja, waandike C. Na kuko lugha mpya kidogo, Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, iliyotengenezwa kusudi mbio ya C ibaki na sifuri isiingie kwa jirani. Kwetu hakuna bado anayeijua. Finalisti wanaokuja, kazi ni yenu.

Lakini kwa pointi za watu 600, mbele ya sekunde moja na nusu ya sekunde, sioni tena sababu ya kupiga kelele. Dada yule alingojea toka Alhamisi saa tisa hata saa moja usiku.

Orodha ilisahihishwa usiku uleule, na Ijumaa asubuhi Bwana Prefe alitia sahihi. Tulikuta wengine wawili wenye herufi 24. Mmoja pointi zake zilishuka kutoka 688 mpaka 512, na hakuwa amesema neno, alifikiri ni uvivu wake. Nimewaomba musamaha wote watatu mmoja mmoja, na yule wa daftari nimemuomba mbele ya darasa lake.

Programu zote mbili ziko katika ordinatere ya karibu na dirisha, ile ya C imekwisha kupewa nafasi 80. Anayetaka kuzijaribu aje Jumatano nyuma ya masomo, na aandike jina lake lote, postnom ndani.