Je, huyu ni inzi tu au ni mbung'o?

Mara kwa mara mgonjwa kutoka Busia au Malaba hunifungulia karatasi yenye inzi aliyepondeka na kuniuliza, "Daktari, huyu ni mbung'o?" Jibu huwa gumu, kwani alama zote zimeharibika.

Swali lenyewe ni la maana. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma. Mbung'o, hata hivyo, hawajaisha. Bado wamo vichakani kando ya mito, na ng'ombe anayevushwa mpaka kwenda mnadani anaweza kubeba vijidudu vya malale bila kuonekana mgonjwa.

Utamtambuaje? Mbung'o ana urefu wa milimita 6 hadi 14. Anapotua, mabawa yake hulaliana kama makasi yaliyofungwa. Ya inzi wa nyumbani hutanuka. Mdomo wake huchomoza mbele kama sindano. Usitegemee mdomo pekee, maana wako inzi wengine wanaouma ng'ombe wenye mdomo kama huo. Ukiwa na lenzi, tazama katikati ya bawa: mishipa yake huchora umbo la shoka.

Ukimkamata, usimponde. Mtie katika kichupa kisafi, kisha mimina spiriti ya duka la dawa hadi azame. Andika kwa penseli kwenye kikaratasi mahali, tarehe, na kama alikuwa juu ya ng'ombe au kando ya mto, kisha ukitumbukize humo humo. Usitumie kalamu, kwani wino huyeyuka. Weka kichupa mbali na watoto na moto, kisha mpelekee afisa wa mifugo. Inzi asiyejulikana alikotoka hatuonyeshi mahali pa kutega mitego.

Lakini usingoje jibu la inzi ikiwa mwili unaumwa. Kidonda kilichovimba palipoumwa, homa na maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa ya malaria ni sababu ya kwenda hospitali mara moja. Mwambie daktari kwamba uliumwa na mbung'o, na wapi. Tone lile lile la damu linalopimwa malaria laweza kuonyesha vijidudu vya malale, mradi mpimaji ameambiwa avitafute. Malale ya upande wetu huu yasipotibiwa huua katika muda wa miezi michache.